Kutoka Skelday hadi Brunnay kwa Saa ya Bwana Quellmalz

Meli ya mizigo hufika Skelday kila Jumanne ikiwa na mbolea, unga, vipuri vya matrekta na barua. Watu haileti, ila kwa taarifa. Kwa hiyo Jumanne ile ya Aprili, mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu alipoteremka nyuma ya gunia la mwisho, amekumbatia mkoba wa ngozi kama mtu aliyeokoa mtoto kutoka motoni, sote watano tuliokuwa gatini tuliacha kazi.

Alikuwa mweupe kama chokaa. Alipiga hatua tatu, akashika nguzo, akaiomba nguzo isimwache.

"Huyu ni wa nani?" aliuliza mjomba wangu Jeemsie, kwa sauti anayoitumia akikuta kondoo asiye na alama.

"Si wetu," alisema Eoin, mfunga kamba za meli. "Labda ni wa Minandi, kakosea kituo."

Minandi ni watu wa Brunnay, kisiwa jirani. Tunawaita hivyo kwa sababu, kama hao ndege weusi wa baharini, hukaa juu ya miamba wakitazama mambo ya wengine. Wao hutuita Kaa, eti sisi hutembea upande upande hata tukienda kanisani.

Mgeni akapata pumzi. "Samahani," alisema. "Namtafuta Bibi Merran Foubister. Ameniandikia barua kumi na tisa."

Watu wanne wakageuka kunitazama. Nilitamani bahari initoe pale bila kelele.

"Kumi na tisa!" alisema Eoin. "Na mimi nilikuwa nafikiri huna mchumba."

Mchumba hakuwa. Alikuwa Bwana Tobias Quellmalz wa Erfurt, mtengenezaji wa jedwali.

Nilikuwa nimerudi nyumbani miaka miwili kabla ya hapo, na shahada ya jiografia kutoka Aberdeen, na imani kwamba kosa lililoandikwa linaweza kufutwa na mtu atakayeandika kwa adabu na bila kuchoka. Kazi nilipewa tatu, kama kila mtu kisiwani: kuuza dukani Ijumaa, kupima abiria na mizigo uwanjani, na kuwa zimamoto ndege inapotua. Na ni uwanjani nilikogundua kosa.

Jedwali la Bwana Quellmalz lina viwanja vyote vya ndege vya Ulaya, hata vyetu viwili vya nyasi. Ukitafuta Skelday hadi Brunnay, unasoma: masafa, kilomita mbili nukta nane. Hiyo ni kweli. Muda wa safari: dakika thelathini. Huo ni wendawazimu. Safari yenyewe ni dakika mbili, na upepo ukisukuma mgongoni ni moja na kidogo. Ukipiga chafya wakati wa kupaa, utajifuta pua ukiwa umeshatua. Lakini jedwali lilikuwa na kanuni moja kwa wote: chukua masafa, gawa kwa mwendo wa ndege kubwa, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kutua.

Kosa hilo lilikaa kimya miaka mingi bila kumdhuru mtu, mpaka ofisi ya ratiba mjini iliponunua kompyuta inayosoma jedwali lile. Kompyuta ikajumlisha saa za rubani, ikaona kwamba ndege ya Jumatano alasiri inamchosha kupita sheria, ikaifuta. Ikabaki ya saa nne asubuhi, inayokwenda Brunnay, inakaa dakika tano na kurudi.

Anayeumia zaidi ni Bibi Teenie Linklater. Kwa miaka kumi na mmoja, kila Jumatano alipanda ndege ya asubuhi, akala chakula cha mchana na dada yake Baabie huko Brunnay, akarudi saa tisa. Kulala huko hawezi: mumewe Davo ni mgonjwa, hajipikii wala hajivui viatu. Feri nayo ina ngazi ya chuma ya vidato kumi na nane, na magoti ya Teenie yana miaka sabini na tisa. Simu wanayo, lakini Baabie haisikii, hujibu maswali ambayo hakuulizwa. Kwa hiyo tangu Oktoba walikuwa wakisalimiana kwa nguo: Baabie akianika blanketi jekundu nyuma ya nyumba, Teenie huku anamjibu kwa shuka jeupe.

"Inatosha kujua kwamba yu hai," Teenie aliniambia siku moja akinunua sabuni. "Lakini shuka haliwezi kukupitishia chumvi, mwanangu."

Usiku ule ule niliandika barua ya kwanza.

Mjomba Jeemsie alimkaribisha mgeni jikoni kwake, akamwekea viazi na tanipu vilivyopondwa, na mkate wa shayiri. Rangi ikamrudia polepole.

"Umekuja na meli kutoka wapi?" Mjomba alimuuliza. "Si ungepanda ndege tu?"

"Nimekuja kwa treni nne na meli tatu," alisema Bwana Quellmalz. "Siku nne. Mimi sijawahi kupanda ndege."

Mjomba aliacha kijiko hewani. "Wewe? Wa jedwali?"

"Mimi hupima, mheshimiwa. Sipandi."

"Basi ni kama mchungaji asiyeamini."

"Hapana," alisema mgeni kwa upole. "Ni kama mchungaji anayeamini sana, ndiyo maana anaogopa."

Hapo nikampenda. Nilitoa nakala za barua zangu nianze hoja, naye akainua mkono.

"Nimezisoma zote. Ya kumi na nne niliisoma mara mbili, ile ya shuka na blanketi. Ndiyo iliyonitoa nyumbani. Lakini siwezi kubadilisha namba kwa sababu ya barua. Kesho nitapanda ndege ya asubuhi pamoja na abiria wa kawaida, na muda utapimwa tangu matairi yaache ardhi mpaka yaguse ardhi. Safari hiyo moja. Hakuna kurudia."

"Na ikiharibika?" niliuliza.

"Kuna mji mmoja, sitautaja, walinirudisha mara sita mpaka wakapata namba waliyoitaka. Tangu hapo, ya kwanza ndiyo ya kwanza. Jedwali likibembelezwa si jedwali tena." Akatoa mkobani saa ya kupimia, nzito, ya chuma, akaiweka mbele yangu. "Mimi nitakuwa nimefumba macho. Samahani, siwezi vinginevyo. Saa utashika wewe. Niahidi kwamba utanipa namba utakayoiona, iwe yoyote."

"Naahidi," nilisema, na nilisema haraka kama mtu anayeahidi kula keki.

"Usiwe na wasiwasi naye," alisema Mjomba. "Huyu hata karata hawezi kuiba. Tumeshamfundisha tukachoka."

Asubuhi upepo ulikuwa wa kusini, mgongoni kabisa. Mjomba alilamba kidole akakiinua juu. "Sekunde sabini," alisema. "Labda sitini na tano."

Teenie naye alikuja kupanda, hata kwa zile dakika tano tu, amevaa kofia ya arusi ya mpwa wake. Abiria wote hupimwa, kwa sababu ndege ni ya watu wanane na rubani huwapanga kwa uzito.

"Geuka, Merran," aliniamuru akipanda mizani. "Na wewe Jeemsie, geuka."

"Nikigeuka, nani atasoma?"

"Andika ya mwaka jana."

"Mwaka jana hukuwa na keki mkononi."

"Keki si mimi!"

Redio ya uwanja ilikuwa wazi, na visiwa vyote viwili vilikuwa vikisikiliza kama kawaida, chai mkononi. Nilipotaja uzito kwa rubani Ailsa aliyekuwa njiani kutoka mjini, nilisikia mtu wa Brunnay akicheka hewani. Kisha Ailsa akauliza yule wa tatu ni nani, nikasema ni Bwana Quellmalz wa jedwali, amekuja kupima.

Kikombe kikasikika kikitua mezani. Halafu sauti ya Tammo Rendall, mkuu wa zimamoto wa Brunnay: "Amekuja? Leo? Mwenyewe? Na hamkutuambia, Kaa nyinyi?"

"Tumekuambia sasa," alisema Mjomba.

"Tutampokea kama binadamu," alisema Tammo, akazima.

Nilipaswa kuyafikiria maneno yale. Sikuyafikiria. Nilimpa Eoin koti langu la zimamoto, maana sheria yetu ni moja na haina mlango wa nyuma: ndege haitui mpaka pawe na gari la zimamoto lenye injini inayowaka na watu wawili kando yake. Eoin akasema atashika nafasi yangu mpaka ndege ipae, kisha anakimbilia gatini, feri inakuja saa nne na robo.

Bwana Quellmalz alikaa kiti cha nyuma. Alijaza nta masikioni, akavuta kofia ya sufu mpaka puani, akashika mkoba wake kwa mikono yote miwili. Teenie alikaa mbele yake na keki. Mimi nikakaa karibu na Ailsa, kidole kwenye saa.

Matairi yakaacha nyasi. Nikabonyeza.

Chini yetu ufukwe, mara mlangobahari, wa kijani na mweupe, mara mawimbi ya upande wa pili. Sekunde arobaini. Uwanja wa Brunnay ulikuwa mbele yetu, umenyooka. Hamsini. Moyo wangu uliimba. Nikaona umati wa watu, yaani watu wote hamsini na wawili wa Brunnay, wamejipanga kando ya uwanja na vitambaa.

"Ailsa," ilisema redio. "Ailsa, mpenzi wangu, usitue."

Ailsa akainua pua ya ndege. "Kuna nini, Tammo?"

"Hakuna kitu. Gari la zimamoto haliwaki. Dakika mbili tu."

"Jana liliwaka."

"Jana lilikuwa na betri."

Ailsa alizungusha ndege juu ya kanisa. "Betri iko wapi?"

Tammo akakohoa. "Tuliiazima kidogo. Ni kwa ajili ya spika. Mansie anapiga kodiani, tulitaka mgeni asikie muziki akishuka, na kibandani kuna soketi moja, na hiyo ina birika la chai."

"Basi irudisheni!"

"Tumeirudisha. Ila mtu, sitamtaja, aliifunga chanya kwa hasi kwenye spika. Imekufa. Spika nayo. Trekta linakuja kuliamsha gari. Dakika mbili."

"Nilimwambia nyekundu ni nyekundu!" ilisikika sauti ya mwanamke kwa nyuma, na nyingine ikajibu, "Ulisema tangu lini?"

Ailsa akageuza ndege. "Skelday, narudi kwenu."

"Huwezi," alisema Mjomba Jeemsie. "Niko peke yangu. Eoin yuko gatini na kamba ya feri mkononi, akiiachia feri inaondoka na gati. Na zimamoto wangu wa pili mnaye humo ndani."

Zimamoto wake wa pili nilikuwa mimi.

"Nimerusha ndege miaka kumi na sita," alisema Ailsa. "Ni mara ya kwanza nabisha hodi nyumba mbili na zote zina watu na hakuna wa kufungua."

Tukazunguka. Dakika sita. Dakika tisa. Trekta lilionekana likitoka ncha ya kaskazini, dogo kama mbawakavu, na kwa mwendo wake.

"Lile trekta linakuja au limeegeshwa?" aliuliza Ailsa.

"Linakuja," alisema Tammo. "Dakika mbili."

Aliyefurahi ni mmoja tu. Teenie alikuwa amebandika uso kwenye kioo. "Ile nyumba yake! Ona, vigae viwili vimeng'oka, na kwenye simu aliniambia paa ni zima. Mwongo! Zungusha tena, Ailsa. Na kuku kapunguza. Ah! Yule pale, mwenye kofia ya buluu! Ananiona? Baabie!" Akapunga keki. Kule chini, mtu mwenye kofia ya buluu akapunga kitu kilichofunikwa kwa taulo. Tulipita mara kumi na nne, na mara zote kumi na nne walipungiana kama watu wanaoachana kwa miaka.

Mimi nilitazama saa. Dakika ishirini na mbili. Nilitazama nyuma. Kofia ya sufu ilikuwa palepale, na chini yake midomo ikihesabu kitu kwa Kijerumani.

Gari la Brunnay liliwaka kwa moshi mweusi. Tulitua. Matairi yakagusa, nikabonyeza.

Dakika thelathini na moja na sekunde ishirini.

Ailsa alizima pangaboi la upande wa mlango, akageuka, akaitazama saa mkononi mwangu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hajui, Merran. Masikio ana nta. Ni safari yake ya kwanza, hana cha kulinganisha."

"Najua."

"Kila siku ni dakika mbili. Ukisema mbili, ni nani utakuwa umemdanganya? Ukisema hiyo, ndiyo utakuwa umedanganya, maana si kweli kwa siku nyingine zote za dunia."

Hilo ndilo lililoniuma, kwamba alisema kweli. Nilimtazama Teenie. Alikuwa akifungua mkanda. Aliyasikia yote. "Mimi sisemi kitu," alisema. "Sina la kusema. Nifungulie mlango, mwanangu, Baabie anangoja."

"Tunaondoka baada ya dakika nne," Ailsa alimwambia kwa huruma. "Nimeshachelewa, Bibi Teenie. Mjini wana abiria wangu."

"Nne ni nyingi," alisema Teenie.

Baabie hakungoja ngazi itulie. Kile kilichofunikwa kwa taulo kilikuwa sufuria, na ndani yake chakula chote cha mchana cha Jumatano, cha moto, na vijiko viwili. Wakasimama chini ya bawa, kofia mbili, sufuria katikati.

"Umepunguza kuku!" Teenie alipiga kelele sikioni mwa dada yake.

"Ni samaki!" alijibu Baabie. "Kula, kula!"

Teenie akanyoosha mkono, na Baabie, bila kuombwa, akatoa mfukoni kidau cha chumvi.

Bwana Quellmalz aliteremka wa mwisho. Alivua kofia, akatoa nta, akaikanyaga ardhi mara mbili kuhakikisha. Mansie akaanza kupiga kodiani bila spika, upepo ukaula muziki wote. Watu wa Brunnay walikuwa wamekaribia. Tammo alisimama mbele, mikono myeusi kwa grisi, akinitazama mimi. Aliinua vidole viwili, taratibu, karibu na paja lake. Viwili.

"Nimeruka," alisema Bwana Quellmalz, na macho yake yalikuwa na maji. "Ilikuwa ndefu kidogo kuliko nilivyotarajia. Lakini pengine hofu huvuta muda." Akafungua mkoba, akatoa daftari, akaichonga penseli. "Bibi Foubister. Umeona namba gani?"

Nilimtazama Teenie akipuliza kijiko. Nilijua kwamba nikisema mbili, Jumatano ijayo angekuwa ameketi mezani, na ile nyingine, na zote zilizobaki kwenye maisha yao mawili, ambazo hakuna jedwali linalozijua. Niliinua saa, nikaisoma.

"Thelathini na moja. Na sekunde ishirini."

Mtu nyuma yangu alisema neno ambalo halisemwi mbele ya mchungaji. Bwana Quellmalz aliinua kichwa. Nikamweleza yote: betri, birika, trekta, feri. Alisikiliza mpaka mwisho. Akawatazama watu, akamtazama Tammo ambaye sasa alikuwa ameficha mkono, akawatazama wale wazee wawili chini ya bawa.

"Ungesema dakika mbili ningeandika mbili," alisema.

"Najua."

"Sababu haina safu katika jedwali langu. Sijawahi kuiwekea."

"Najua. Andika tu, tafadhali, kabla sijabadilisha mawazo."

Akafuta thelathini. Akaandika thelathini na moja, kwa mwandiko mzuri, polepole, kama mtu anayeandika jina la marehemu. "Basi ulikuwa sahihi katika barua zote kumi na tisa," alisema. "Jedwali lilikuwa na kosa." Akanigeuzia daftari niweke sahihi.

"Dakika moja!" aliita Ailsa kutoka dirishani.

Kina Teenie walikuwa wakigombea kipande cha mwisho cha samaki, kila mmoja akimsukumia mwenzake. Nikachukua penseli, nikaandika Merran Foubister mbele ya namba ile, yote, bila kufupisha, kisha nikaenda kumshika Bibi Teenie mkono apande ngazi.